Kukaanga Nafaka Kabla ya Kupika Uji: Kile Ambacho Moto Huongeza na Kile Usichoweza Kuondoa

Katika mji wa Morogoro, kuanzia Soko Kuu la Chifu Kingalu hadi kwenye magenge ya pembezoni, huuzwa unga wa lishe uliofungwa katika mifuko ya nusu kilo na ya kilo moja. Mnunuzi mzoefu haulizi kwanza kilichomo. Hufungua mdomo wa mfuko, huunusa, kisha huamua. Unga unaonukia kama karanga zilizotoka jikoni hununuliwa upesi. Usionukia hubaki mezani. Mazoea hayo si ya kudharauliwa, kwa kuwa harufu ile ni ishara ya kweli kwamba nafaka imepitia moto mkavu, na moto huo una faida zake. Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo pua haiwezi kuyatambua, nayo ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kwa afya ya mtoto na ya mgonjwa: iwapo soya iliyomo iliiva, na iwapo nafaka iliyotumika ilikuwa na ukungu kabla ya kukaangwa.

Makala haya yanaeleza kazi ya moto mkavu juu ya nafaka, hasa ulezi, mahindi, mtama na soya, ambazo ndizo msingi wa uji katika Morogoro na vijiji vya Milima ya Uluguru.

Harufu inatoka wapi

Mwaka 1912 daktari na mwanakemia wa Kifaransa, Louis Camille Maillard, alieleza jinsi sukari na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zinavyoungana zinapopashwa moto na kutoa rangi ya kahawia. Badiliko hilo linajulikana hadi leo kwa jina lake. Ndilo linalotokea katika buni ya kahawa, katika ganda la mkate, katika karanga za kukaanga na katika ulezi uliomo ndani ya kikaango. Huenda kwa kasi pale tu uso wa chakula unapokuwa mkavu na joto linapofika takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100, na kwa sababu hiyo uji wa unga mbichi, hata ukichemshwa saa nzima, hauwezi kupata harufu ya uji wa unga uliokaangwa. Anayetaka ladha hiyo hana budi kuitafuta kabla ya maji kuingia sufuriani.

Kanuni hiyo haikuanzia katika ulezi wala haikomei hapo. Wapishi wa kinoa, mbegu inayotoka katika milima ya Andes huko Peru na Bolivia, huikaanga pia kikavu kabla ya kuipika ili ipate ladha ya kokwa. Tofauti ni kwamba kinoa imefunikwa na saponini, kitu kichungu chenye kutoa povu kama sabuni, hivyo ni lazima ioshwe vizuri kabla ya kukaangwa. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa, na tangu hapo wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu wamekuwa wakiulizia mbegu hiyo ya bei ghali. Miaka kumi baadaye, mwaka 2023, heshima kama hiyo ilitolewa kwa jamii ya nafaka ndogo, ulezi ukiwemo. Tangazo hilo la pili halikupata masikio mengi nchini, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwani gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii hata kidogo. Mgonjwa asiyemudu kinoa hajapoteza kitu cha kulilia.

Ifahamike pia kwamba kukaanga hakuondoi wanga. Uji wa ulezi uliokaangwa huongeza sukari mwilini kama uji mwingine wowote mwepesi uliosagwa laini. Mwenye kisukari anayeambiwa sokoni kwamba ulezi uliokaangwa ni dawa, anauziwa maneno.

Faida iliyo ya kweli

Faida ya kwanza ni hamu ya kula. Mtoto anayepona malaria au kuhara, mgonjwa wa kifua kikuu aliye katika wiki za mwanzo za dawa, mgonjwa wa saratani ambaye chakula chote kimekuwa na ladha ya chuma mdomoni: hawa wote hula vijiko vichache kisha husukuma kikombe. Uji wenye harufu nzuri ukimfanya mgonjwa amalize kikombe badala ya nusu yake, hiyo ni tiba inayoweza kupimwa kwa mizani. Wahudumu wa afya wamezoea kuzungumzia virutubishi na kusahau kwamba kirutubishi kilichobaki kikombeni hakijamfaa mtu.

Faida ya pili ni kwamba joto kavu huvunja sehemu ya wanga, hivyo unga uliokaangwa hauvimbi sana majini na uji wake huwa mlaini kidogo. Neno muhimu hapa ni kidogo. Wapo wanaodhani kwamba kukaanga peke yake kunatosha kutatua tatizo kubwa la uji wa watoto, ambalo ni wepesi wake. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini haitoshi.

Mtoto wa miezi tisa mwenye kilo 8 ana tumbo linaloweza kupokea takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 240 kwa mlo. Akilishwa mara tatu kwa siku, anapata mililita 720. Iwapo mama ametia gramu 50 za unga katika lita moja ya maji, kipimo cha kawaida cha uji wa kunywewa, mtoto huyo atapata takriban kilokalori 126 kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto anyonyaye wa umri huo anahitaji kilokalori 300 kutoka katika chakula cha nyongeza. Amejaa tumbo, ametulia, amelala, na bado hajafikia nusu ya mahitaji yake. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hesabu hii ndogo ya sufuria inastahili kufanywa katika kila kliniki.

Ukiongeza unga hadi gramu 150 au 200 kwa lita, uji hugeuka kuwa kitu cha kukatwa kwa mwiko. Jawabu linalojulikana ni kimea. Mwaka 1983 A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na U. Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyochipushwa, ukitiwa katika uji mzito, huufanya uwe mwepesi wa kunyweka bila kupunguza unga uliomo. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huzaliwa ndani ya mbegu inapochipua. Wapikaji wa togwa, wakiwemo wa Morogoro, walikijua kimea kabla ya maabara yoyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo mjini humo, nao wameichunguza togwa na bakteria wake wanaoichachua.

Hapa ndipo kukaanga kunapoweza kuharibu jambo jema. Amilesi ni protini, na moto wa kikaango huiua. Kimea kilichokaangwa kina harufu tamu kuliko ulezi wowote, lakini hakiwezi tena kulainisha uji. Baadhi ya wasagaji huchanganya kimea na nafaka nyingine kikaangoni ili kuokoa muda, kisha mama hushangaa kwamba kimea alichonunua hakifanyi kazi. Kimea kikaushwe juani, kisagwe peke yake na kihifadhiwe peke yake. Uji mzito ukishaiva, uepuliwe na kuachwa upoe hadi uwe wa vuguvugu, ndipo kijiko cha unga wa kimea kitiwe na kukorogwa. Utalainika ndani ya dakika chache mbele ya macho ya mpishi. Baada ya hapo uji urudishwe motoni na uchemke tena, kwa sababu unyevu ule uliochipusha mbegu huotesha pia vijidudu. Ulezi ndio unaofaa zaidi kwa kimea cha watoto. Machipukizi ya mtama yana kitu kinachozalisha sianidi, hivyo anayetumia mtama hana budi kuyakausha na kuyapukusa yote kabla ya kusaga.

Soya na maharage

Kwa nafaka, kukaanga ni suala la ladha. Kwa soya ni suala la usalama. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyozuia kimeng'enya cha kongosho kisimeng'enye protini. Mtoto akilishwa unga wenye soya isiyoiva hupata gesi, hupata kuhara, na hashiki uzito, ingawa mama yake ametumia fedha nyingi kumpatia protini. Joto huviharibu vizuizi hivyo, lakini joto lenye maji huviharibu vizuri zaidi kuliko joto kavu. Kikaango hubabua ganda la nje wakati kiini kingali kibichi. Utaratibu ulio salama ni kuchemsha soya katika maji yanayotokota kwa nusu saa, kuimenya, kuianika hadi ikauke kabisa, na ndipo kuikaanga kwa ajili ya harufu. Katika vijiji vya Mgeta vilivyo juu ya mita 1500, maji huchemka takriban kwenye nyuzi 95, hivyo dakika kumi za nyongeza si uvivu wa mpishi bali ni busara.

Maharage nayo yasikaangwe yakiwa makavu na kusagwa moja kwa moja. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoleta kutapika kwa ghafla, na sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka baada ya maharage kulowekwa. Vivyo hivyo, kukaanga unga wa muhogo mchungu hakuondoi sianidi yake. Hiyo huondolewa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika vizuri.

Ukungu na sumukuvu

Miteremko ya mashariki ya Uluguru, upande wa Kinole, Tegetero na Matombo, hupokea mvua inayozidi milimita 2000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayoujaza Mto Ruvu na kuwanywesha wakazi wa Dar es Salaam, ndiyo inayostawisha karafuu, mdalasini na pilipili manga. Lakini kwa mwenye mahindi yaliyokomaa shambani ni adui. Jua la kuanika linaweza kukosekana kwa siku nyingi mfululizo, na nafaka iliyowekwa ghalani ikiwa na unyevu huota ukungu.

Aina fulani za ukungu, hasa Aspergillus flavus, hutengeneza sumu ambayo kwa Kiswahili imepewa jina la sumukuvu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu; saratani hiyo ni ya ini, na hatari huzidishwa mara nyingi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiliwa kwa wingi kwa muda mfupi, huua ndani ya wiki chache. Mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya waliugua watu 317 na kufariki 125. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Dodoma na Manyara si nchi za mvua nyingi. Sumukuvu huingia pia katika nafaka iliyoteswa na ukame shambani, hivyo asiwepo mtu wa upande mkavu wa milima anayejiona yuko salama.

Uhusiano wa sumu hii na kikaango ndio kiini cha tahadhari yote. Sumukuvu ni kemikali imara. Huanza kuvunjika kwa ukamilifu katika joto linalozidi nyuzi 230, joto ambalo lingeugeuza ulezi kuwa mkaa. Kukaanga kwa kawaida huipunguza kwa sehemu na kuacha sehemu. Ukungu wenyewe hufa, sumu uliyoitengeneza hubaki. Kubwa zaidi ni hili: harufu ya uvundo, ambayo ndiyo onyo pekee alilonalo mama asiye na maabara, hutoweka. Mahindi yaliyonuka ukungu asubuhi yananukia vizuri jioni baada ya kupita kikaangoni, na ladha chungu hufunikwa na ladha ya kukaangwa. Moto ulioongeza utamu umelificha kosa. Kwa hiyo nafaka inayohitaji kukaangwa ili harufu mbaya iondoke haifai kukaangwa. Haifai kuliwa kabisa, wala kupewa kuku, wala kupelekwa kwenye pombe.

Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu za sumukuvu katika kilo moja ya nafaka. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kupima kiasi hicho, na nafaka isiyo na ukungu unaoonekana inaweza kuwa nayo. Kinga kuu iko kabla ya jikoni: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya udongo, kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa baada ya nafaka kukauka. Jikoni, kinga iliyobaki ni mikono. Kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu sumukuvu haikusambaa sawasawa bali hujikusanya katika punje chache mbovu. Karanga zichambuliwe kwa ukali kuliko nafaka nyingine zote. Uchambuzi ufanyike kabla ya kukaanga, kwa kuwa baada ya kukaanga punje zote hufanana.

Namna ya kukaanga

Nafaka ipepetwe, ichambuliwe, ioshwe kwa maji safi hadi mchanga uishe, kisha ianikwe hadi ikauke. Ulezi uliolowa ukitupwa kikaangoni hutokota kwa mvuke na kushikana kabla ya kukaangika. Kikaango kizito au chungu kipane hutawanya joto vizuri kuliko sufuria nyembamba ya alumini. Moto uwe mdogo, nafaka iwe kidogo, na mwiko usisimame. Kila aina ikaangwe peke yake: punje ya ulezi huiva kwa dakika chache, ya mahindi huchukua muda mrefu zaidi, na anayezichanganya atapata ulezi ulioungua pamoja na mahindi mabichi. Dalili ya kuacha ni harufu kupanda na punje chache kuanza kupasuka. Zimwagwe mara moja kwenye sinia pana, kwani zikiachwa kikaangoni huendelea kuungua hata jiko likiwa limezimwa, na zisagwe zikiwa zimepoa kabisa. Unga uliofungwa ukiwa moto hutoa jasho ndani ya mfuko, na ukungu huanza upya.

Rangi inayotakiwa ni ya dhahabu iliyokolea. Kuvuka hapo ni hasara mara mbili. Asidi amino iitwayo laisini, ambayo tayari ni haba katika nafaka zote, ndiyo inayoliwa kwanza na badiliko la Maillard. Vitamini B1 nayo hupotea kwa joto. Pamoja na hayo, mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vilivyopashwa joto kali bila maji hutengeneza akrilamaidi, kitu kinachodhaniwa kuwa na uwezo wa kuleta saratani, na kiasi chake huongezeka kadiri chakula kinavyozidi kuwa cheusi. Hakuna haja ya hofu kwa uji wa dhahabu. Ule mweusi unaosifiwa kuwa mtamu kama kahawa usipewe watoto.

Karanga zisisagwe pamoja na unga wa kuhifadhiwa. Mafuta yake huchacha, na unga wote huwa mchungu. Zikaangwe kidogo kidogo, zitwangwe na kutiwa katika uji wa siku hiyo. Unga uliokaangwa wenye soya ni vyema usikae zaidi ya mwezi, katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Kwa mhudumu wa kliniki

Mama anapomleta mtoto asiyeongezeka uzito na kusema kwamba anampa uji wa lishe, asiulizwe tu kama anampa, bali unga huo umetoka wapi na umepitia nini. Aulizwe soya ilichemshwa au ilikaangwa tu. Kimea kilitiwa lini. Vijiko vingapi vya unga huingia katika sufuria ya lita moja. Nani aliyezichambua punje. Aulizwe pia iwapo uji hupikwa. Swali hilo linaweza kuonekana la ajabu, lakini unga uliokaangwa una ladha ya kitu kilichoiva, na hilo huwashawishi walezi kuukoroga katika maji ya moto ya chupa na kumpa mtoto bila kuuchemsha. Moto wa kikaango uliviua vijidudu vya wakati ule. Havikuviua vya mashine ya kusagia, vya mfuko, wala vya maji.

Mama asilaumiwe kwa kuununua unga. Wengi hununua kwa sababu hawana muda wa kupepeta na kukaanga, na muuzaji aliyemwambia kwamba mchanganyiko wa nafaka kumi ni bora kuliko wa mbili hakuna aliyemkanusha. Anaweza kuelezwa kwamba ulezi au mahindi safi, yaliyokaangwa kidogo, yakipikwa mazito na kulainishwa kwa kimea, kisha kutiwa karanga zilizotwangwa au maziwa, yanamtosha mtoto pamoja na matunda, mboga, mayai na dagaa kadiri zinavyopatikana. Kukaanga hakuondoi faiteti zinazozuia madini ya chuma kufyonzwa. Kuloweka, kuchipusha na kuchachua ndiko kunakozipunguza, na hivyo togwa safi isiyo na kilevi haina sababu ya kuonewa haya mbele ya unga wa dukani.

Iwapo katika familia moja wametokea watu wawili au zaidi wenye macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika na miguu kuvimba ndani ya siku chache, mhudumu asiridhike na jina la homa ya ini peke yake. Aulize kuhusu mahindi na karanga zilizoliwa, azuie zilizobaki zisiliwe wala zisitupwe, achukue sampuli yake katika mfuko mkavu wa karatasi, na atoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo.